Rauta bila inveta: nilipofikia

Kwa aliyeikuta kumbukumbu hii katikati: nataka intaneti ya nyumbani, hapa Wete, isizime umeme ukikatika, na betri isiliwe bure. Betri ni ya risasi, 12V, 50Ah.

Vipimo nimemaliza. Rauta, kisanduku cha faiba na swichi ndogo ya mtandao (ya kugawa waya wa intaneti) kwa jumla vinataka kama wati 13. Vikipitia inveta, betri inatoa wati 27! Inveta inapandisha 12V ya betri hadi 230V, halafu adapta zinairudisha 12V ile ile, na kila kituo kinatoza ushuru wake. Ishike adapta, lile joto ndiyo ushuru wenyewe. Inveta yangu, hata bila kuchomekwa kitu, inakula kama wati 9. Mwenye friji hazioni hizo.

Basi inveta nimeitoa. Waya unatoka betrini, unapita fyuzi iliyo karibu kabisa na ncha ya chanya, unaingia kwenye kidhibiti volti kinachotoa 12V isiyoyumba. Betri ikichajiwa hufika 14.4V, ikichoka hushuka chini ya 12V. Wapo wanaochomeka rauta moja kwa moja na inavumilia. Yangu siitii kwenye mtihani huo. Swichi ni ya 5V, nimeipa chaja ya simu ya gari. Jumla sasa ni wati 14 na ushei. Kwa nusu ya betri tu (ya risasi ukiimaliza kila mara unaiua), saa 11 zimekuwa kama 20.

Kinachosumbua ni vichwa vya waya. Vyote vina 5.5 mm kwa nje, lakini tundu la ndani lipo la 2.1 na la 2.5, na kwa macho huvitofautishi. Cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kinaingia kama kawaida ila kinacheza. Mtu akifuta meza tu, rauta inazima na kuwaka upya. Kitikise kidogo dukani kabla hujalipa.

Kamera ya getini iko mita 25, hiyo nitaipelekea 48V ndani ya waya wa mtandao. Volti zikiwa mara 4, ampea zinabaki robo, na upotevu wa njiani unashuka mara 16. Kupandisha hadi 48V nako kuna gharama yake, kwa hiyo rauta iliyo kando ya betri inabaki na 12V yake.

Paneli ya sola bado, namsubiri fundi wa kupanda bati.