Unga kuvunda ghalani: bambo refu ndilo lililomaliza kazi

Hatimaye tumepumua. Unga wetu ulikuwa unavunda kabla haujatoka ghalani, ilhali mahindi tuliyapokea yakionekana makavu. Tulibadilisha wasambazaji, tukadai vyeti, tukaanika upya, wapi!

Dawa ilikuwa bambo, kile chombo cha ncha kali chenye uwazi cha kuchotea sampuli ya nafaka guniani. Lile fupi huchota punje za pembeni tu, na huko ndiko kukavu. Tukatafuta refu linalofika katikati ya gunia. Unalichoma kimshazari, mdomo ukiangalia chini, kisha unaligeuza taratibu ndipo punje zimiminike. Sampuli tunaipima palepale, dereva akiona: unyevu ukizidi asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, gunia linabaki kwenye lori. Magunia tuliyopokea tunayaandika jina la msambazaji. Siku hizi wasambazaji wengi hupima wenyewe kabla ya kupakia.