Usiku wa Daku pale Chalinze

Juzi basi lilisimama Chalinze, abiria wakashuka kuchimba dawa, na mwanangu wa mwisho akabaki kitini na simu yangu. Ilikuwa imezima tangu Morogoro. Akaichomeka kwenye pawa benki, ikawaka, saa ikajiweka yenyewe. Akaitazama, akanitazama.

"Baba, nani kaiambia saa?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje kulinuka dizeli na maandazi ya moto, na yale malori yalikuwa yamejipanga vilevile, pua kwa mkia, kama nilivyoyaacha. Nikarudi Ramadhani ya 2019, kabla ya mambo ya goti, siku ambazo bado nilikuwa fundi, napanda minara ya simu.

Saiti, yaani mahali penye mnara, ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu. Mara tatu ndani ya mwezi, usiku wa manane, ilitoa alamu ya kupoteza satelaiti, na kila mara alfajiri ikapona. Hakuna aliyetumwa. Kisanduku cha mnara kina saa yake ya fuwele ndani, na satelaiti zikipotea saa hiyo hubeba mzigo kwa muda. Ya kwetu ilikuwa na uwezo wa nusu siku hivi. Alamu inayojiponya yenyewe haimwamshi mtu.

Mara ya nne alfajiri ilipita na alamu haikuondoka. Ilipofika alasiri saa ya ndani ilikuwa imeshachoka, na mnara ukafunga matangazo ya 4G ili usiwaharibie majirani.

Watu huniuliza mpaka leo saa ina kazi gani kwenye intaneti. Huwa nawaambia wakumbuke kinu na michi miwili. Wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja kwa kupokezana: huyu akishusha, yule anainua. Wakishika mdundo, unga unapatikana. Mmoja akipotea kidogo tu, michi inagongana na mtu anaumia vidole. Minara ya aina ile hufanya hivyohivyo. Inazungumza na kusikiliza kwenye masafa yaleyale, kwa zamu, na minara yote ya eneo hubadili zamu kwa pamoja. Tofauti kati ya mmoja na mwingine isizidi mikrosekunde 3, yaani sehemu tatu za milioni moja ya sekunde. Anayewapigia wote mdundo ni satelaiti ya GPS iliyo kilomita 20,200 juu. Sauti yake ikifika ardhini ni hafifu kuliko kelele za redio zinazoizunguka. Kipokezi huitambua kwa sababu tu kinajua inavyoimba. Akitokea mtu wa kupuliza filimbi karibu na sikio, basi.

Nilifika saa tano usiku. Mlinzi alinifungulia, nikakagua antena, ile nyeupe yenye umbo la uyoga, nikakagua waya, vyote vizima. Nikawasha kipima masafa nikakipeleka kwenye 1575 megahezi, mahali ambapo kwa kawaida kioo huonyesha nyasi fupi tu za kelele. Palikuwa na kilima. Kilima kipana, kinachotetema, upande wa barabarani.

Sasa hapa ndipo ninapoona kila kitu kama jana.

Mvua za masika zilikuwa zinaisha na uwanja wa malori ulikuwa tope. Nilikuwa na antena ndogo ya mkononi. Mbinu ya kutafuta ni rahisi: unaikumbatia kifuani, unageuka polepole, na pale kilima kinapozama kwenye kioo ndipo ujue mwili wako umekaa katikati, chanzo kiko mgongoni. Unageuka, unatembea hatua thelathini, unarudia. Nilipita kati ya malori nikizunguka kama mtu anayepunga pepo. Utingo mmoja aliyelala kwenye turubai aliinua kichwa, akaniangalia, akalala tena. Kina mama wa uji walikuwa wameanza kuwasha mkaa kwa ajili ya daku. Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria, na kwa mbali kijana akipiga debe kuamsha watu. Kilima kilikuwa kinapanda. Lori la tatu kutoka mwisho kilijaza kioo chote.

Nikagonga mlango. "Hodi."

Kimya. Nikagonga tena.

Kioo cha dirisha kikashuka. Mzee wa umri wa baba yangu mdogo, kofia ya kufuma kichwani, macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimezuia njia?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa mnara ule pale, natafuta kifaa kinachozuia satelaiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na kitambulisho mkononi, na mlinzi wetu nilimwacha hatua chache nyuma makusudi. Mzee hakubisha. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akainama kwenye tundu la kuwashia sigara, akachomoa kitu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu kikombe cha kahawa.

Kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Cheusi, kina antena fupi na taa moja ya kijani. Kilikuwa cha moto.

Nikatazama kioo changu. Kilima hakikuwepo. Nyasi zile fupi zilikuwa zimerudi mahali pake, zimetulia, kana kwamba hakuna lililotokea. Nikampigia mwenzangu wa zamu Dar, na yeye akawa ananihesabia: "Nne. Sita. Tisa. Imeshika." Mzee alikuwa anasikia. Aliuliza tisa ni nini. Nikamwambia ni satelaiti. Akatazama juu, mawinguni, kama anayeweza kuziona.

Kisha akanieleza bila kuulizwa. Gari lina kifaa cha kumfuatilia kwa satelaiti. Akisimama zaidi ya nusu saa, ofisi inapiga simu. Akisimama mara nyingi, safari inakatwa posho. Alikuwa ametoka Tunduma na shaba, zaidi ya kilomita 800 nyuma yake, na usiku ule uliotangulia macho yalikuwa yanajifunga yenyewe kwenye usukani. Alichomeka kidude ofisi isimwone, apate kulala. Asubuhi klachi ikagoma, akahangaika na mafundi mchana kutwa, na tundu lile halikatiki umeme hata ufunguo ukitolewa. Alikisahau.

"Sikukinunua niibe mafuta, mwanangu," alisema. "Nilikinunua nilale."

Akaniuliza kama nafunga. Nikasema ndiyo. Akanipa tende tatu kwenye karatasi, na tukasimama pale kwenye tope tukila daku, mimi na mtu niliyekuja kumkamata.

Muda mfupi baadaye msikiti wa upande wa pili wa barabara uliadhini. Kabla haujamaliza, ukaanza mwingine, na wa tatu mbali zaidi. Nilikuwa nimezisikia adhana zikifuatana hivyo maisha yangu yote bila kuzifikiria. Kila msikiti una saa yake na mwadhini wake. Mmoja akichelewa, jirani anamkumbusha. Umeme ukikatika, mtu anatoka nje anatazama mbingu. Na mimi nilikuwa nimesimama chini ya mnara wenye mwadhini mmoja tu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulihamisha antena nyuma ya kontena, ili chuma chake kiizibe barabara, na hiyo peke yake ilisaidia sana. Niliomba saa ya pili, inayokuja kwa nyaya za faiba kutoka saiti nyingine, ili satelaiti zikifunikwa mdundo usikatike. Niliomba mara tatu kwa maandishi. Goti lilinitoa kazini kabla ya jibu.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu dereva wa Marekani aliyekuwa akipita karibu na uwanja wa ndege wa Newark na kidude cha namna ileile, naye anajificha kwa mwajiri wake. Kilivuruga mfumo wa kuongoza ndege kutua. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya kule ilimtangazia faini ya karibu dola 32,000. Nilisoma habari ile nikiwa nawaza mikono miwili ya yule mzee.

Na si vidude tu. Tarehe 26 Januari 2016, wakati satelaiti moja kuukuu ya GPS ikistaafishwa, data yenye kosa ilipakiwa kwenye baadhi ya satelaiti nyingine, na saa zikapotoka kwa mikrosekunde 13. Mitandao ya simu sehemu mbalimbali duniani ilipiga alamu kwa saa nyingi. Hapo hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hakuna lori la kugongea mlango.

Basi likapiga honi. Abiria wakapanda. Mwanangu alikuwa ameshageukia dirisha la pili, anahesabu nguzo kubwa za umeme. Umeme wa Bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, unaingia kwenye gridi hapahapa Chalinze kwa njia ya kilovolti 400. Vituo vya umeme vya kisasa hutumia saa ya satelaiti kujua hitilafu imeanzia wapi na ipi imetangulia ipi. Nilizitazama zile nguzo, kisha nikayatazama malori, na umbali uliopo kati yao. Naomba kwa moyo wote huko kuwe na mwadhini wa pili.

Nilimjibu: mtandao ndio ulioiambia simu kupitia mnara, na mtandao huambiwa na satelaiti. Alitikisa kichwa, akaendelea kuhesabu.

Sikumwambia kuhusu fomu. Ripoti ya usiku ule ilikuwa na nafasi ya namba ya gari. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inahusika na vifaa visivyoidhinishwa, na nilijua ninachotakiwa kuandika. Nikajaza masafa, nguvu, saa, mahali, na aina ya kifaa. Ile nafasi niliiacha tupu. Wiki tatu baadaye alamu ileile ililia kwenye saiti nyingine, karibu na Mikese, usiku wa manane, ikajiponya alfajiri. Pengine ni mwingine. Madereva wako wengi, na wote wanahitaji usingizi.