Mzee wa Gerezani na domeini yake ya .vipuri

Mteja wangu mmoja anauza vipuri vya Toyota pale Gerezani, Kariakoo. Mpwa wake alimletea zawadi: jina la intaneti la .vipuri. Nielewe vizuri, si duka.vipuri, ni .vipuri yenyewe, ile sehemu ya mwisho ambayo wengine wanaweka .com au .tz. Dogo alilishinda kwenye mnada wa Handshake, mfumo mbadala wa majina uliowashwa Februari 2020. Mzee akaniita nimjengee tovuti juu ya jina hilo. Bango la dukani alishaanza kulichoresha.

Hoja za dogo hazikuwa za kitoto. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti tuliyoyazoea, lilipofungua maombi ya majina ya juu mwaka 2012, kila ombi lilikuwa dola 185,000. Handshake wanapiga mnada wa siri: kila mtu anaweka dau lake limefichwa, wa juu anashinda, ila analipa kiasi cha dau la pili. Baada ya hapo unalihuisha jina kabla miaka miwili haijapita, kwa ada kidogo ya mtandao. Kumbukumbu zote zinakaa kwenye blokucheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, kwa hiyo hakuna ofisi ya kukunyang'anya. Mzee, ambaye amewahi kuhamishwa fremu kwa notisi fupi, alipenda sana hapo kwenye kutonyang'anywa.

Sikubishana nao. Niliiweka tovuti hewani, nikasubiri mteja. Akaja fundi kutoka Tunduma anayetafuta shokapu za Noah, nikamwomba aandike duka.vipuri kwenye simu yake. Chrome haikulitambua hilo kama anwani hata kidogo. Ililichukua kama maneno ya kutafutwa, ikamletea orodha ya wauza vipuri wa Dar, na wa juu kabisa, kwenye tangazo la kulipia, alikuwa jirani wa Mzee wa fremu ya tatu. Fundi akauliza kwa nia njema kabisa, "Huyu ndiye nyie?" Mzee alivua miwani akaifuta.

Kinachotokea ni hiki. Simu ikitaka kujua tovuti iko wapi, inauliza seva ya DNS, ile inayogeuza jina kuwa anwani ya namba, mara nyingi ya kampuni ya simu. Seva hiyo, kama haina jibu tayari, inaanzia kwenye mzizi: kuna seva za mzizi zenye majina 13, kuanzia A hadi M, na zote zinasoma orodha moja. Orodha inasema .tz iko kwa wasimamizi wa Tanzania, .ke iko kwa wale wa Kenya. Kuhusu .vipuri inasema haipo, basi. Handshake wana mzizi wao mwingine, na anayetaka kuuona lazima aamue kuuliza huko.

Dogo alikuwa na dawa: mteja aingie kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya DNS ya Faragha, aandike jina la seva fulani inayoijua Handshake. Yule fundi akarudisha simu mfukoni. "Bosi, hiyo simu ina pesa zangu. Mimi nimefuata shokapu."

Nadhani alikuwa sahihi kuliko sisi sote pale. Mtu ambaye kila wiki anapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" amejifunza kwamba mgeni anayemwambia abadilishe kitu kwenye simu ana jambo lake. Na kiufundi ombi letu lilikuwa zito. Ukibadilisha DNS ya simu, hubadilishi njia ya duka moja. Maswali yote ya majina yanayotoka kwenye simu hiyo yanapita kwa mwenye seva. Anaona unaelekea wapi, na akitaka anaweza kukupa jibu la uongo. Kufuli ya HTTPS, ile inayoficha mawasiliano na kuthibitisha kwa cheti kwamba tovuti ndiyo yenyewe, itakukinga sehemu kubwa, lakini tovuti yetu ya .vipuri yenyewe haikuwa na kufuli inayokubalika, maana watoa vyeti ambao vivinjari vinawaamini hawatoi cheti kwa jina lisilo kwenye mzizi wa kawaida. Kwa hiyo hata aliyefuata maelekezo yote angepokelewa na onyo la kwamba muunganisho si wa faragha. Hebu fikiria unamwambia mteja, "Puuza hilo onyo, kisha tuma hela."

Dogo nilimsimulia habari za Eugene Kashpureff wa AlterNIC, mzizi mbadala wa Marekani. Mwaka 1997 alitumia udhaifu wa DNS kuwageuza watu waliokuwa wanakwenda tovuti ya InterNIC, huduma ya kusajili majina ya .com wakati huo, wakaishia kwake. Alidai ni maandamano. Mwaka uliofuata alikiri kosa mahakamani. Dogo akasema yeye si mtu wa namna hiyo, na ni kweli si mtu wa namna hiyo, lakini fundi wa Tunduma angejuaje?

Tukaenda kwa msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz, tukachukua .co.tz. Ada ya mwaka haifiki bei ya pedi za breki za IST. Cheti cha Let's Encrypt, mtoa vyeti anayeaminiwa na vivinjari, kikatoka bila malipo, na barua pepe zikaanza kufika; zile za .vipuri nilizojaribu kutuma kutoka Gmail zilirudi zikidai domeini haipatikani. Bango likafutwa nusu, likachorwa upya.

Jina la .vipuri hatukulitupa. Dukani kuna kompyuta kuukuu. Niliweka hnsd, programu nyepesi ya Handshake, nikaielekeza ruta iulize hapo. Mfumo wa stoo sasa unafunguka kwa stoo.vipuri, na kwa kuwa mashine ni za Mzee mwenyewe, cheti nilikitengeneza mwenyewe nikakisajili kwenye kila moja. Humo ndani linafanya kazi vizuri sana, na dogo ndiye mlinzi wa funguo za siri za jina hilo. Nilimtahadharisha jambo moja: hakuna kinachowazuia watu wa mfumo mwingine kuanzisha .vipuri yao. Unstoppable Domains, wauzaji wa majina ya blokucheni, walisitisha .coin mwaka 2022 baada ya kubaini Emercoin, mfumo mwingine wa namna hiyo, walikuwa na .coin kabla yao.

Kuhusu .co.tz, niliisajili kwa jina la Mzee, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, nywila akaitunga yeye mimi nikiwa nimegeuka. Mafundi wenzangu wengi wanasajili kwa majina yao, kisha mteja akitaka kuhama anaambiwa alipe kwanza. Mzee alisoma taarifa zake kwenye akaunti taratibu, mstari kwa mstari, akasema sanduku la posta ni lile la zamani. Tukalibadilisha.