Siku 19 Bila Honi

Simu ya Mzee ilinikuta nakunywa chai, saa moja na nusu asubuhi. "Kijana, tanuri limesimama. Njoo na kompyuta yako." Hakuniuliza hata nimeamkaje. Nikaiacha chai mezani.

Ilikuwa 2015, kwenye kiwanda kimoja cha saruji, na mtandao wa mitambo nilikuwa nimeufunga mwenyewe miezi minne kabla. Swichi nane za mtandao, vifaa vya kupitisha data kati ya mashine, zile ngumu za kupachika ndani ya kabati la umeme, nikaziunga kwa faiba, kebo za nyuzi za kioo, zikafanya duara. Moja wapo ndiyo kiongozi: siku za kawaida inaziba upande mmoja, la sivyo data ingezunguka bila kikomo mpaka mtandao ulemewe. Faiba ikikatika popote, inauzibua upande ule na kazi inaendelea, sekunde haijaisha. Siku ya kukabidhi nilichomoa kebo mbele ya wakubwa. Mitambo haikushtuka. Nilipigiwa makofi, na nikayapokea.

Asubuhi ile swichi tatu zilikuwa zimepotea kwa mpigo. Kisa cha kwanza tulikiona upesi: usiku fundi wa kuchomelea alikuwa ameunguza faiba karibu na mkanda wa klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini, na harufu ilikuwa bado ipo. Lakini mkato mmoja duara hulimudu. Ikabidi tufunue mifuniko ya mfereji upande wa pili, zege zito, jua limeshapanda, na huko tukakuta kazi ya panya. Ganda limetafunwa, uzi wa kioo umekatika.

Nikafungua kumbukumbu za swichi kiongozi. Saa yake sikuwahi kuirekebisha, ikisoma 1970, kwa hiyo nilihesabu kwa vidole kurudi nyuma. Panya alishamaliza kazi siku 19 kabla. Siku zote hizo kiwanda kilining'inia kwenye uzi mmoja, na njia ya akiba niliyosifiwa ndiyo iliyotuficha jambo hilo.

Mzee alichungulia kabatini, akaweka kidole kwenye matundu mawili ya kuungia waya, matupu. "Na haya ya nini?"

"Ya relei ya hitilafu, Mzee, kile kidude cha kutoa onyo swichi ikipata shida. Nilisema nitayaunga baadaye."

Akatoa bisibisi mfukoni, akanikabidhi.

Kwanza tuliunga faiba, tanuri likarudi. Halafu nikapitisha waya wa shaba kwenye relei zote nane, moja baada ya nyingine, hadi kwenye honi ya chumba cha udhibiti. Swichi ikiwa nzima, relei inashika. Kiungo kikikatika, au swichi yenyewe ikikosa umeme, inaachia na honi inalia. Waya huo hauutegemei mtandao, hata ukifa wote.

Nikaharibu tena. Niliweka onyo kwenye kila tundu la kebo ya data la kila swichi, hata yale ya kompyuta za ofisini. Mtu akizima kompyuta aende kula, honi inalia. Siku ya tatu nikaikuta imesokomezwa kitambaa, na hakuna aliyejua ni cha nani. Nikabakiza onyo kwenye matundu ya faiba za lile duara tu na njia mbili za umeme wa volti 24.

Wiki iliyofuata, tukiwa katikati ya chakula cha mchana, honi ikalia. Nilifika kabatini nikihema. Mzee alikuwa amesimama pale na ncha ya faiba mkononi, akiangalia saa yake.