Kaa wa Kunduchi, mwezi wa tatu: vijiti badala ya saa ya ukutani

Daftari la miezi miwili ya mwanzo nimeliweka kando. Kila Jumamosi saa 4 asubuhi nilishuka pwani ya Kunduchi, Dar es Salaam, kuhesabu wale kaa wadogo wa mchangani, wenye gamba la sentimita 1 hivi, ambao kitaalamu huitwa Dotilla fenestrata. Jumamosi moja nakuta ufuo mzima unatembea, nyingine sioni hata mmoja ingawa maji yametoka. Pembeni nikaandika: jua kali? wapita njia? mvua ya jana? Kumbe nilikuwa naandika saa tu, siandiki maji yameliacha lile eneo tangu lini. Maji hufuata mwezi, yanachelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa 4 ya wiki hii si saa 4 ya wiki ijayo.

Aliyenizindua ni mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona kila siku unainamia mashimo?"

Nilipomweleza akasema, "Basi anza na mwezi. Leo bamvua au maji mafu? Hayo ndiyo ya kuandika kwanza." Bamvua ni siku ambazo maji hupanda na kushuka sana, maji mafu ni zile ambazo hucheza kidogo tu.

Sasa nimechomeka vijiti vitatu, juu, kati na chini. Naandika dakika ambayo maji yanakiacha kila kijiti, halafu nakaa hatua kadhaa nyuma na darubini, kimya, maana kivuli kikiwapitia tu wote wanazama. Hesabu zimenyooka. Kaa wa juu wanatangulia kutoka, wa kati wanafuata, wa chini mwisho. Hawangoji bahari nzima ikupwe, kila mmoja anangoja mchanga wake uchuje maji.

Juzi nilimtazama mmoja kwa karibu nusu saa. Kwanza alisukuma nje donge la mchanga mbichi, akasimama mlangoni. Kisha akaanza kula: anachota kwa magando yote mawili, mdomo unachuja vijimea na mabaki ya chakula, mchanga uliobaki unajikusanya juu ya mdomo kama tone. Analikata kwa gando, analiweka chini, anasogea. Vile vidonge tunavyovikanyaga ni mabaki ya mlo wao. Miguuni ana vidoa vya utando mwembamba vinavyopitisha hewa, ndiyo maana ya lile jina la Kilatini, "mwenye madirisha".

Nilichokuwa nimekosea zaidi ni kurudi kwao. Nilidhani wimbi ndilo linalowafukuza. Sivyo. Kwenye kijiti cha kati wameanza kuingia mashimoni maji yakiwa bado mbali, hayajalowesha hata kidole changu. Wale wa chini, kwenye mchanga tepetepe usioshika shimo, wanafanya jambo ambalo sichoki kuliangalia: kaa anajizungusha palepale, anapanga vidonge kumzunguka, ukuta unapanda, unafunga juu kama kuba, naye yumo ndani na hewa yake. Maji yanapita juu.

Hapo ndipo nikataka kujua kama wana saa mwilini. Mwaka 1958 Ernest Naylor alionyesha kwamba kaa wa Ulaya, Carcinus maenas, hata akiwekwa mahali pasipo na maji kupwa na kujaa, huendelea kuchangamka kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi. Nikachukua kaa sita, beseni lenye mchanga wa palepale, nikawaweka stoo gizani na kuwachungulia kwa taa hafifu. Siku mbili za kwanza wengi walitoka karibu na wakati wa maji kupwa Kunduchi. Siku ya tatu kila mmoja akawa na wakati wake, nikawarudisha pwani jioni hiyohiyo. Sita ni wachache mno, nitarudia na beseni tatu.

Kazi ya sasa ni kijiti cha juu. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 3, kwenye maji mafu karibu mita 1 tu, na siku hizo kijiti hicho hakiguswi kabisa. Mchanga ulikauka, mashimo yakabomoka, kaa wakapungua. Bamvua liliporudi, nao wakarudi. Walishuka chini, au walijifukia wakisubiri? Maji mafu yajayo yanaanza Jumanne, na rangi ya kucha nyekundu nimeshanunua. Nitatia doa kwenye magamba ishirini.