Siku Moja Katika Chumba cha Kupimia Macho, Kariakoo

Saa moja na nusu asubuhi nashuka kwenye daladala, na ifikapo saa mbili nimekwisha kufuta vioo vya kabati la fremu. Nilisomea optometria, yaani taaluma ya kupima macho, katika hospitali ya KCMC, Moshi, lakini wapo wateja ambao hata hawaketi: wananyoosha kidole kabatini na kusema, "Dada, nifungie ile," kana kwamba nauza mikanda.

Saa mbili na nusu nilimpima mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akinakili kwenye daftari la jirani kwa sababu ubao haumfikii. Namba yake ya miwani ilikuwa hasi 1.25 (hasi ni ya asiyeona mbali vizuri), na mama yake akalia kidogo.

Saa nne akaingia bwana harusi mtarajiwa, pamoja na dada yake na marafiki wawili. Ndoa ilikuwa Jumamosi, na namba yake, alisema, anaijua. Niliiweka miwani yake ya zamani kwenye kipimalenzi, kifaa cha kusomea namba ya lenzi, nikakuta hasi 5.00, nikamwomba akae nimpime upya, akakataa; tulibishana hadi dada yake alipomvuta shati na kumkalisha. Jicho la kulia lilikuwa limefika hasi 6.50 na la kushoto hasi 6.00.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Fremu aliyoipenda ilikuwa pana, ya mraba, na ndani ya mkono wake imeandikwa 54, 18, 140: upana wa lenzi, daraja la puani na urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Umbali kati ya mboni zake ni milimita 60, ilhali vitovu vya matundu ya fremu ile vimeachana kwa milimita 72, kwa hiyo kila lenzi ingebidi isogezwe milimita 6 kuelekea puani ili kitovu chake kikae mbele ya mboni. Lenzi ya hasi ni nyembamba katikati na hunenepa kadiri unavyokwenda ukingoni, na kwa kusogezwa hivyo, ukingo wa nje ungefika karibu milimita 9 kwa plastiki ya kawaida. Nilimwonyesha unene huo kwenye rula. Rafiki mmoja akasema, "Vitako vya chupa!" wote wakacheka isipokuwa bwana harusi.

"Basi usizisogeze," akasema dada mtu. Nikaeleza kwamba tukifanya hivyo atakuwa akitazama pembeni mwa lenzi, taswira zitavutwa, macho yatahangaika kuziunganisha, na siku ya harusi ataumwa kichwa kabla ya keki. Nilimletea bwana harusi fremu ya duara ya 46, daraja 20, ambayo ingeupunguza ukingo hadi milimita 6 na kitu. Akaivaa, akaivua, akapiga picha, akamtumia mchumba, tukasubiri jibu la mchumba. Waliporidhika wakaanza kuomba punguzo, kisha wakarudi kwenye ile ya mraba "tujaribu mara ya mwisho tu". Saa saba nilikuwa bado nimesimama, chai yangu ya saa nne imeganda utando, nami nimewaita watu watatu "kaka" kwa upole ambao sikuwa nao tena. Walipolipia ile ya duara, umeme ukakatika, na mashine ya kukatia lenzi ikazimika.

Mchana sikumbuki vizuri ulivyokwenda. Alikuja mzee mmoja akilalamika kwamba gazeti lazima alibandike puani. Miwani aliyoinunua barabarani ilikuwa chanya 3.00, namba ya kusomea karibu, ambayo kwa macho yake haionyeshi wazi kitu kilicho mbali zaidi ya sentimita 33 kutoka usoni. Nilimjaribisha chanya 2.00, akalisogeza gazeti hadi nusu mita na kusoma kwa sauti. "Mwanangu, kumbe nilizidishiwa!" Nilipomchungulia ndani ya jicho sikuupenda mshipa wa fahamu nilioukuta, nikamwandikia barua ya hospitali na kumsihi asingoje maumivu, maana presha ya macho kwa kawaida hula uoni kimyakimya.

Umeme ulirudi giza likiwa limeingia. Nilikata lenzi za bwana harusi nikiwa nimevua viatu, nikapima ukingo: milimita 6.3. Nilikuwa nafunga mlango simu ilipoita. Alikuwa dada yake, akiuliza kama ile fremu ya mraba bado ipo, kwani yeye hana namba na angependa kuitilia vioo vya jua. Nikamwambia ipo.