Umri wa wafanyakazi wa huduma Japani na Marekani: kagua jedwali kabla ya kulinganisha

Ukichukua takwimu mbili zilizochapishwa na kutoa moja kwa nyingine, jibu litakupotosha. Marekani hutoa mediani, yaani umri unaowagawa wafanyakazi nusu kwa nusu, kutokana na utafiti wa kaya unaohesabu watu wa miaka 16 na zaidi, wakiwemo waliojiajiri. Kwa upande wa Japani, namba inayonukuliwa sana ni wastani wa kawaida kutoka utafiti wa mishahara, unaofanywa kwa waajiri. Wastani huo huwatenga wanaofanya kazi saa chache, na hao ndio wanaojaa mikahawani na madukani: wanafunzi upande mmoja, wazee upande wa pili.

Kwa hiyo achana na utafiti wa mishahara. Tumia utafiti wa nguvukazi wa Japani, ambao nao huenda kwenye kaya na huanzia miaka 15.

Mtego mwingine uko kwenye majedwali ya Japani. Mstari ulioandikwa "huduma" si sekta nzima. Ni masalio tu: usafi wa majengo, ukusanyaji taka, matengenezo, wakala wa vibarua. Biashara, usafirishaji, hoteli, elimu na afya ziko kwenye mistari yake, nawe huna budi kuzijumlisha mwenyewe. Umeme, gesi na maji amua mapema: viingie kwa nchi zote mbili au visiingie kabisa.

Sasa piga hesabu ya wastani kwa kila nchi. Zidisha idadi ya watu wa kila rika kwa umri wa katikati ya rika hilo, jumlisha, gawa kwa wafanyakazi wote. Katikati ya 25–34 ni 30, si 29.5, kwa sababu mwenye miaka 34 na miezi 11 bado yumo. Kosa hili dogo linashusha wastani kwa nusu mwaka. Usichukue wastani wa kila tawi ukagawa kwa idadi ya matawi, maana mikahawa ya Marekani, yenye mediani ya karibu miaka 30, haina uzito sawa na afya.

Rika la 65 na zaidi halina kikomo, na hapo ndipo hesabu ya Japani inapoteleza. Takriban asilimia 13 hadi 14 ya wenye kazi Japani wamo humo. Marekani ni kama 7. Ukipandisha makadirio ya umri wa katikati ya rika hilo kutoka 70 hadi 73, wastani wa wafanyakazi wote wa Japani unaongezeka karibu miaka 0.4 na wa Marekani 0.2. Andika wazi ulichokadiria.

Tofauti itakayobaki usiiite upendeleo wa waajiri kwa wazee. Mediani ya umri wa wananchi wote Japani ni karibu 49, Marekani karibu 39. Rudia hesabu ukitumia mgawanyo mmoja wa marika ya wananchi kwa nchi zote mbili, huku kila nchi ikibaki na asilimia yake ya wanaofanya kazi za huduma katika kila rika. Kitakachosalia ndicho cha kutafutiwa sababu, kwa mfano sheria ya Japani inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi nafasi ya kuendelea hadi miaka 65, na tangu Aprili 2021 ajitahidi kufikisha 70.